Msamaha na suluhu ni mambo mawili

"Samehe upate amani." Sentensi hii siku hizi iko kila mahali: kwenye mahubiri, kwenye semina za kujitambua, kwenye video fupi za walimu wa kutafakari, hadi kwenye jumbe za asubuhi ambazo watu hutumiana kwenye simu. Sina ugomvi nayo ikisemwa kwa maana yake. Ninachopinga ni matumizi yake. Mtu ameumizwa, hajamaliza hata kueleza ilikuwaje, na tayari anaambiwa asamehe. Akisema amesamehe, anaulizwa mbona hajarudi, mbona hamsalimii mwenzake, mbona kesi bado iko mahakamani.

Maana yenyewe haina utata mkubwa. Kusamehe ni kuamua kwa hiari yako kuacha kisasi na kinyongo dhidi ya aliyekukosea, huku ukijua wazi kwamba alikukosea, na pole pole kuanza kumwona tena kama binadamu. Kama hakuna kosa, hakuna cha kusamehe. Na anayefanya kazi hiyo ni mmoja tu, yule aliyeumizwa. Mkosaji anaweza kuwa mbali, anaweza kuwa ameshazikwa, anaweza kuwa hajui hata kwamba amekosa.

Suluhu ni kitu kingine kabisa. Suluhu inataka watu wawili, na mzigo wake mzito uko kwa mkosaji: akiri alichofanya, akiache, arudishe anachoweza kurudisha, kisha avumilie kutoaminiwa kwa muda. Msamaha naweza kuutoa leo bila wewe kujua. Suluhu siwezi kuifanya peke yangu hata nikiomba usiku kucha. Halafu kuna haki, ambayo si yangu wala yako peke yetu: mwizi niliyemsamehe bado anaweza kushitakiwa, nami naweza kwenda kutoa ushahidi nikiwa sina chuki naye hata kidogo.

Mambo haya matatu yakichanganywa, anayelipa ni aliyeumizwa. Tazama kikao cha kumpatanisha mke aliyepigwa na mumewe. Wakubwa wameketi, mume kainamisha kichwa, mke anaulizwa kama amesamehe. Anasema ndiyo, na huenda anasema kweli. Dakika hiyo hiyo anaambiwa, "Basi mwanangu, chukua begi lako urudi kwako." Mume hajaulizwa swali hata moja. Hajaulizwa kama anakiri, wala atafanya nini siku hasira ikimpanda tena. Neno moja la mke limegeuzwa kuwa msamaha, suluhu na hukumu kwa mpigo. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na yaliyofunikwa yatamkuta yule yule aliyesamehe.

Madhara yake yamefuatiliwa. James McNulty, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka minne ya mwanzo wa ndoa, na mwaka 2011 akatoa matokeo yake. Waliokuwa wepesi wa kusamehe waliendelea kutendewa ukali na wenzi wao kwa kiwango kile kile, ilhali kwa wale waliokuwa wazito wa kusamehe ukali ulipungua kadiri miaka ilivyopita. Mimi sisomi hapo kwamba msamaha ni mbaya. Nasoma kwamba msamaha usioambatana na kuwajibishwa humwacha mkosaji bila sababu ya kubadilika.

Wanaohubiri amani ya moyo nao wana ushahidi wao, na ni wa kweli. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte Witvliet na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 71 wa chuo. Kila mmoja aliombwa amkumbuke mtu halisi aliyemuumiza, mara akiirudia chuki yake moyoni, mara akijaribu kumhurumia na kumsamehe, huku vipimo vikiwa mwilini. Walipokuwa kwenye chuki, mapigo ya moyo yalikwenda mbio, presha ikapanda, jasho la ngozi likaongezeka, misuli ya paji la uso ikakaza. Walipohamia kwenye kusamehe, mwili ulitulia zaidi. Kwa hiyo anayesema kinyongo kinamchosha anayekibeba hasemi porojo.

Lakini amani hiyo ilikuwa ya dakika chache za kuwaza. Jeraha zito halina dakika chache. Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, aliyeanza kuchunguza msamaha kisayansi mwaka 1985, alichapisha mwaka 1996 pamoja na Suzanne Freedman utafiti juu ya wanawake 12 walionajisiwa utotoni na watu wa familia zao. Kila mmoja alisaidiwa peke yake, wiki baada ya wiki, na kwa wastani kazi hiyo ilichukua kama miezi 14. Mwishoni huzuni nzito na wasiwasi vilipungua, matumaini yakapanda. Ni matokeo makubwa. Ila hatua ya kwanza katika njia ya Enright ni kulitaja kosa kwa jina lake na kuikubali hasira iliyomo, kabla hata ya kuamua kama utasamehe. Na kusamehe huko hakumlazimishi mtu arudi karibu na aliyemnajisi. Enright mwenyewe amelisisitiza hilo miaka yote, kwamba kusamehe na kupatana ni vitu viwili. Walimu wanaotangaza matunda ya kazi hii hawataji miezi 14. Wanataja amani tu, tena ya leo leo.

Jambo jingine linalowatesa watu bila sababu ni lile la "nimesamehe lakini bado inauma", ambalo wengi wanalichukua kama dalili ya unafiki. Everett Worthington, mwanasaikolojia ambaye mama yake mzazi aliuawa na mtu aliyevunja nyumba na kuingia, hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza ni nia: sitamlipizia, nitamtendea kama binadamu. Huo unaweza kuja kwa siku moja. Wa pili ni pale hasira na uchungu vinapopungua vyenyewe na huruma kushika nafasi, na huo una mwendo wake, hausukumwi. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika ule wa kwanza huku wa pili ukiwa bado haujafika. Kumwambia "kama bado unalia basi hujasamehe" ni kumwongezea jeraha la pili.

Sasa, mkanganyiko huu umetoka wapi? Nadhani umetokana na kunukuu nusu. Mafundisho mengi ya kiroho ya siku hizi yamechukua desturi na maandiko ya zamani, yakabaki na kipande kinachomhusu mtu mmoja na moyo wake, yakaacha kipande kinachomhusu mkosaji.

Mfano ninaoufikiria mara nyingi ni ho'oponopono ya Hawaii. Katika mafunzo ya kujiponya imekuwa maneno manne unayojirudia ukiwa umefumba macho: samahani, nisamehe, asante, nakupenda. Ile ya asili, kama alivyoieleza Mary Kawena Pukui, mtaalamu mkubwa wa utamaduni wa Wahawaii, ilikuwa kikao cha familia nzima. Mkubwa aliyeheshimiwa aliongoza. Walifungua kwa sala, tatizo likatajwa waziwazi, kila mmoja akasema yake kwa kupitia kiongozi ili watu wasirushiane maneno. Hasira zikipanda, kikao kilinyamaza kwanza. Aliyekosa alikiri na kurudisha alichopaswa kurudisha. Baada ya yote hayo ndipo pande zote mbili zilipofunguliana, kosa likakatwa lisitajwe tena. Katika miaka ya 1970 mganga wa Kihawaii, Morrnah Simeona, aliibadilisha ili mtu aweze kuifanya peke yake, na waliokuja baadaye wakaifupisha hadi yakabaki maneno manne. Simlaumu anayepata utulivu kwa maneno hayo. Lakini kikao kimeondoka, na pamoja nacho ameondoka yule aliyetakiwa kukiri.

Kuna fundisho lililokwenda mbali zaidi. Katika A Course in Miracles, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1976 na kulisha mengi tunayoyasikia leo, kusamehe ni kutambua kwamba kile ulichodhani ndugu yako amekutendea hakikutokea. Ndani ya falsafa yake, ambamo ulimwengu huu wote ni njozi, kauli hiyo ina mantiki yake. Ikichomolewa humo na kupewa mtu aliyedhulumiwa kama ushauri, inamwambia kwamba maumivu yake ni kosa lake la kuona. Msamaha wa namna hiyo hauna tena kitu cha kusamehe.

Hata kwa Waislamu nukuu hukatwa. Aya ya 40 ya Surat Ash-Shura inaanza kwa kutaja kwamba malipo ya uovu ni uovu mfano wake, kisha ikaahidi kwamba anayesamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Inayofuata inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Haki imetajwa kwanza, msamaha ukawekwa juu yake kama hiari yenye ujira, na kusamehe na kusuluhisha vimetajwa kila kimoja kwa jina lake. Wanazuoni nao wanafundisha kwamba toba ya dhambi iliyogusa haki ya mtu haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, imo kauli inayofanana: Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka kwanza amtafute na kumridhisha.

Hata Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, inayotajwa kila mahali kama mfano wa taifa lililosamehe, haikugawa msamaha wa moyo. Sheria ya mwaka 1995 iliipa mamlaka ya kutoa kinga ya kisheria kwa aliyeeleza ukweli wote wa kosa lenye lengo la kisiasa, na haikumdai hata majuto. Maombi yalipita 7,000 na mengi yalikataliwa. Ndugu za waliouawa hawakulazimishwa kumsamehe mtu. Wengine walisamehe palepale mbele ya watu, wengine walikataa, na Askofu Mkuu Desmond Tutu aliyeiongoza, pamoja na imani yake kubwa katika msamaha, aliwasikiliza wote.

Nabaki na wale wanaomnukulia mtu aliyeumizwa "saba mara sabini". Imo kweli, Mathayo 18, aya ya 22. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya saba nyuma, imeandikwa kwamba ndugu yako akikukosea uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili wawe mashahidi. Asiposikia hao, liambie kanisa. Na akikataa kulisikia hata kanisa, awe kwako kama mtu wa nje. Kwa hiyo mpatanishi anayetaka kuisoma sura hiyo kikaoni, namwomba aanzie aya ya 15, na aisome akiwa amemgeukia mkosaji.