Je, wajua kwa nini mwanafunzi mwenye ushahidi mkononi bado hushindwa hoja?

Mwanafunzi anayeingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, au vyuo vikuu vya MUST na TEKU kule Mbeya, si mgeni wa midahalo. Alishasimama mbele ya darasa la sekondari, akamsalimu mwenyekiti, majaji na mtunza muda, akaeleza kwa nini elimu ni bora kuliko fedha. Anajua kusimama, anajua kupaza sauti, na makofi ameshayapata. Kisha anafika kwenye semina ya mwaka wa kwanza, mhadhiri anamuuliza, "Ushahidi huo unathibitishaje unachodai?", naye anarudia ushahidi uleule, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Si kwamba hakusoma. Mara nyingi madesa yote anayo kichwani. Kinachopungua ni hatua ya katikati, inayomtoa msikilizaji kwenye ushahidi na kumfikisha kwenye dai. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliichambua hatua hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, akitazama zaidi namna watu wanavyojenga hoja mahakamani kuliko wanavyozijenga wanahisabati. Alionyesha kwamba kati ya ushahidi na dai huwa pana kanuni inayoturuhusu kuvuka, na kwamba kanuni hiyo aghalabu haitamkwi. Msemaji anaiona ni dhahiri, kwa hiyo anairuka. Mpinzani makini huishambulia hapohapo.

Iringa ina mfano wa jambo hili ulio bora kuliko wowote ninaoujua. Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, kuna makumbusho yenye fuvu linalotunzwa kama la Mtwa (yaani chifu) Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyelipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Wajerumani walimkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza, lakini miaka ikapita bila kuonekana. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Yakachujwa: kwanza yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya watu wa ukoo wa Mkwawa, na katika hayo likachaguliwa lililokuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga na kupokewa na mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Sasa waambie wanafunzi watetee dai hili: fuvu lililopo Kalenga ni la Mkwawa. Karibu wote wataandika, "Ni lake, kwa sababu lina tundu la risasi." Usiwasahihishe. Waambie waandike kanuni waliyoiruka, neno kwa neno. Itakuwa hivi: katika mkusanyiko ule, fuvu lenye tundu la risasi haliwezi kuwa la mtu mwingine. Kanuni ikishaandikwa ubaoni, pingamizi huja bila kuitwa. Vita vya Wajerumani na Wahehe vilichukua miaka, na vya Maji Maji vikafuata kuanzia 1905. Waliopigwa risasi walikuwa wengi mno. Vivyo hivyo vipimo vya ukoo: vinapunguza idadi ya mafuvu, lakini havimtaji mtu. Mwanafunzi aliyefika hapa hulazimika kulipima dai lake upya. Atasema "huenda ni lake", au "katika yaliyokuwepo Bremen, hili ndilo lililokaribia zaidi maelezo ya kifo chake", na hapo atakuwa amesema jambo analoweza kulisimamia.

Kuuliza hivi si kumvunjia Mtwa heshima. Dai kwamba fuvu hili lilikuwa la mtu fulani ni moja. Dai kwamba Wahehe walidhulumiwa, na walistahili kurudishiwa na kuomboleza, ni jingine, na ushahidi wake hautegemei kipimo cha fuvu lolote. Kumfundisha kijana kuyatenganisha madai mawili yanayotembea pamoja kuna faida kubwa kuliko muhula mzima wa kukariri aina za hoja potofu.

Lakini kwa nini asiione kanuni hiyo mwenyewe, akiwa chumbani kwake? Jaribu fumbo alilolibuni mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza miaka ya 1960. Mezani pana kadi nne, upande mmoja herufi, upande wa pili namba. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni ni ya kweli? Wengi husema A na 4. Jibu ni A na 7, kwa sababu 7 ikiwa na irabu nyuma yake kanuni imevunjika, ilhali 4 haiwezi kuivunja hata ikiwa na nini nyuma. Mwaka 1998 watafiti David Moshman na Molly Geil waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani fumbo la aina hii. Kati ya waliofanya kila mtu peke yake, asilimia 9 tu ndio waliopata jibu sahihi. Kati ya vikundi vilivyojadiliana, asilimia 75 vililipata.

Wanafunzi hawakupewa somo lolote la mantiki katikati. Walichopata ni mtu wa kuwaambia, "Hapana, kwa nini 4?" Watafiti wa akili Hugo Mercier na Dan Sperber walieleza mwaka 2011 kwamba huenda akili yetu ya kutoa sababu ilikua kwa ajili ya mabishano: kumshawishi mwenzako na kuchuja anachokuambia. Kwa hiyo tukiwa peke yetu hukusanya yanayotuunga mkono na kuridhika mapema. Hoja za wengine ndizo tunazozikagua kwa ukali. Nadharia hiyo ina wapinzani wake, lakini mimi naikubali kwa sehemu kubwa, na inaeleza udhaifu wa semina zetu nyingi, ambamo kikundi kinasimama, mmoja anasoma slaidi, wenzake wamejipanga nyuma yake, na darasa linapiga makofi. Hakuna aliyebisha, basi hakuna aliyejifunza kujibu.

Kuna jambo la pili. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Charles Lord na wenzake walichapisha majaribio kuhusu watu wanaosoma utafiti wa jambo wanalolishikilia, adhabu ya kifo. Kuwaambia wasomaji wawe waadilifu na wasiegemee upande hakukusaidia kitu. Kuwaambia wajiulize kama wangeupokea vivyo hivyo utafiti huo endapo matokeo yangekuwa kinyume, kulisaidia. Zoezi la karibu na hilo lipo katika mashindano ya midahalo ya vyuo vikuu vya dunia, yenye timu nne za watu wawili wawili: mada hutolewa dakika 15 kabla na timu haichagui upande. Darasani inatosha kugeuza upande katikati ya kipindi. Aliyekuwa anatetea kwamba mkulima mdogo wa Rungwe apunguze migomba na kupanda parachichi za kuuza nje, sasa azungumze kwa niaba ya mama anayetegemea ndizi hizo kulisha watoto, soko la nje liwe zuri au baya.

Lugha nayo ina mchango wake. Mwanafunzi wetu alisoma msingi kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza sekondari, na chuoni anatakiwa kupinga hoja papo kwa papo kwa lugha anayoitafutia maneno. Ningependa wahadhiri waruhusu dakika kumi za mwanzo, wawili wawili, kwa Kiswahili, kisha ndipo hoja isemwe kwa Kiingereza. Kijana anayejua kanuni yake ni ipi huipata sentensi yake haraka zaidi.

Heshima pia ni kizuizi cha kweli. Wengi wamelelewa kutombishia mkubwa, na mhadhiri ni mkubwa. Njia inayofanya kazi ni kuwapa sharti: kabla ya kupinga, mweleze mwenzako hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Sharti hilo linampa mdogo ruhusa ya kupinga bila kuonekana hana adabu, kwa sababu ameanza kwa kusikiliza. Linahitaji muda na uvumilivu, halihitaji projekta wala ukumbi mdogo, na hata darasa la watu mia tatu linaweza kulifanya kila mtu akigeukia jirani yake.