Ndama akiuawa na mbwa mwitu Colorado, mzoga usiguswe kwanza

Wengi wanajua tu kwamba jimbo la Colorado, Marekani, lina hela ya kumlipa mfugaji aliyeuliwa mifugo na mbwa mwitu, ila hawajui hiyo hela huwa inapotea wapi. Inapotea hapohapo malishoni, siku ya kwanza, ushahidi ukiharibika mfugaji hapati kitu.

Tuelewane kwanza, simzungumzii mbwa mwitu wa mabaka wa Selous, huyu ni yule mkubwa wa kijivu wa nchi za baridi. Colorado alishatoweka tangu miaka ya 1940, mwaka 2020 wananchi wakapiga kura arudishwe, Desemba 2023 wakaachiwa 10 kutoka Oregon, na Aprili 2024 tayari ndama ameuawa kaunti ya Grand.

Sheria ya fidia ilipita 2023. Mfuko ulianza na dola 175,000, baada ya hapo 350,000 kila mwaka, na mnyama analipwa bei ya soko isiyozidi dola 15,000, hadi mbwa wa ulinzi anahesabiwa.

Sasa ukikuta mzoga usiuburute wala usiuzike, funika na turubai ndege wasiumalize, fungia mbwa wako wasivuruge nyayo, piga picha, afu piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo. Afisa akija atachuna ngozi, na hapo ndo ukweli unapoonekana, maana mnyama aliyeng'atwa akiwa hai damu inavilia chini ya ngozi, nyama inakuwa nyeusi, lakini aliyejifia na ugonjwa ndo akaja kuliwa hana hiyo kabisa. Kwa nje manyoya yanaficha matundu ya meno, unaweza usione kitu. Mzoga uliokaa juani siku tatu unaniuma sana, kwa sababu mfugaji anasema kweli tupu na hana cha kuonyesha.

Afisa akishamaliza, uondoe mbali na zizi, harufu inawaita wengine.

Kuna na hasara isiyo na mzoga, na hii ndo kubwa. Ng'ombe wanaosumbuliwa kila usiku wanakonda, mimba hazishiki, ndama wanafika sokoni na kilo pungufu, na Colorado wanalipa hata hiyo ukiwa na rekodi. Machi 2025 ranchi mbili tu za Grand ziliidhinishiwa kama dola 343,000, yaani karibu mfuko wa mwaka mzima, na sehemu kubwa ilikuwa kilo na mimba. Kwa hiyo pima ndama, andika majike mangapi yameshika mimba, uanze kabla mbwa mwitu hawajafika kwako, la sivyo utalinganisha na nini?

Tanzania malipo ya hasara ya wanyamapori tunayaita kifuta jasho na kifuta machozi, yaani ni pole. Colorado wameamua kulipa hasara yenyewe na mimi naunga mkono, kwa sababu waliopiga kura ni jimbo zima, ila anayekesha na tochi zizini msimu wa kuzaa ni mfugaji.