Usugu wa dawa: aliyebadilika ni kijidudu, mwili wako ni ule ule

"Musawo (daktari), dawa hizi mwili wangu umeshazizoea, nipe kali zaidi." Kauli hiyo utaisikia kwenye maduka ya dawa hapa Arua, Uganda, na mara nyingi anayehudumia habishi. Anachukua mkasi, anakata vidonge vinne, anapokea pesa. Juzi nimeisikia redioni, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa akiwaelimisha wasikilizaji, nikaona afadhali niandike.

Usugu wa dawa ni uwezo wa kijidudu, kiwe bakteria, fangasi au kimelea, kuendelea kuishi na kuzaana mbele ya dawa ambayo ingepaswa kukiua au kukizuia. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Mwili wa mgonjwa haumo.

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi, kwa sababu zipo dawa ambazo mwili huzizoea kweli. Mgonjwa wa saratani anayekunywa morfini ya maji, ile inayotengenezwa hapa hapa Uganda, anaweza baadaye kuhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa kuwa neva zake zimeizoea. Pombe ni vivyo hivyo. Hizo hufanya kazi juu ya mwili, kwa hiyo mwili ndio unaozoea. Antibiotiki, yaani dawa ya bakteria, inapita tu mwilini mwako ikimtafuta mwingine.

Amoksilini, kwa mfano, humzuia bakteria asijenge ukuta wa seli yake. Anapokua bila ukuta imara, hupasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa hiyo inamuua yeye na kutuacha sisi. Tetrasaiklini hukwamisha mtambo wake wa kutengeneza protini, ambao umbo lake si kama la wetu. Septrini humnyima njia ya kujitengenezea foleti, vitamini anayoihitaji ili aongezeke, ilhali sisi foleti tunaipata kwenye chakula.

Kwa fangasi kazi ni ngumu zaidi, na hili watu hawaambiwi. Kwa asili, fangasi yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na bakteria. Seli yake ina kiini kama yetu, kwa hiyo mahali pa kumpiga bila kutuumiza ni pachache. Dawa nyingi hulenga ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli yake, pale ambapo sisi tuna kolesteroli. Flukonazoli huzuia ergosteroli isitengenezwe. Amfoterisini huing'ang'ania na kuharibu utando wenyewe, lakini kwa kuwa mafuta hayo mawili yanafanana, nasi tunaumia, hasa figo. Ndiyo sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ambao wagonjwa wake wengine walitibiwa Kampala na Mbarara, ulikuwa habari kubwa kwa wenye VVU wanaopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya wiki mbili, ilifanya kazi vizuri kama matibabu yenye sindano za amfoterisini ya kawaida za siku 7, na madhara yake yalikuwa machache. Amoksilini haimgusi fangasi hata kidogo. Mwenye utando mweupe mdomoni akiimeza anaweza hata kuzidiwa, maana inaua bakteria waliokuwa wakimbana huyo fangasi.

Sasa usugu. Bakteria wengine hutoa kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, kinachokata penisilini kabla haijafika. Wengine wana pampu za kuisukuma dawa nje, na wengine wamebadilika sehemu ile ile dawa inapojishika. Fangasi naye ana pampu zake, au huzidisha kimeng'enya chake cha kutengeneza ergosteroli, ambacho ndicho flukonazoli inakilenga. Hakuna anayejifunza wala anayezoea. Bakteria wa tumboni, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na katika kunakili huko makosa hutokea. Kosa moja likimfaa, dawa inawaua wenzake, yeye anabaki na nafasi yote. Isitoshe, bakteria hupeana jeni hizo mkono kwa mkono, hata wa jamii tofauti. Fangasi kwa kawaida huwarithisha watoto wake tu.

Anayetaka ushahidi aingie maabara. Usaha wa mgonjwa huoteshwa, kisha bakteria wake hupakwa kwenye sahani yenye chakula chao, na juu yake hupangwa viduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake, kuzunguka kiduara kimoja kuna nafasi safi, na kwenye kingine bakteria wameota mpaka ukingoni. Kwenye sahani hiyo hamna damu wala ini la mtu, na usugu upo pale pale. Tena kuna vichanga wa siku tatu, ambao hawajawahi kumeza kidonge, wanaougua bakteria sugu waliowapata wodini. Mwili huo umezoea lini? Hata malaria, ripoti ya mwaka 2021 kutoka Gulu ilionyesha vimelea vinavyochelewa kuisha mgonjwa akipewa dawa ya jamii ya artemisinini, na mabadiliko yalionekana kwenye jeni za vimelea hivyo.

Kwa hiyo dawa ikigoma, usiuhesabu mwili wako kuwa na kosa, wala usiufungishe dawa ili "usahau". Labda una virusi, ambavyo antibiotiki haivigusi. Labda ni fangasi. Labda kweli ni bakteria sugu, na hapo ukali wa dawa hautoshi, inatakiwa ile inayomfaa huyo bakteria. Omba kipimo cha kuotesha. Majibu huchukua siku mbili tatu, na kwenye karatasi utaona herufi S mbele ya dawa zinazoweza kumuua na R mbele ya zile asizozijali. Herufi hizo zinamhusu bakteria aliyetoka kwenye sampuli ile. Mwakani ukiugua kwa bakteria mwingine, dawa iliyoandikiwa R leo inaweza kukuponya vizuri kabisa.