Mwacheni Mama Anyanyuke Mwenyewe

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi wa wagonjwa wangu hapa Nairobi ni wazee walioanguka nyumbani. Nikifika, jamaa hunionyesha mahali: zulia lililojikunja, sabuni iliyomwagika bafuni. Hayo nayaangalia, na zulia naliondoa. Lakini swali langu la kwanza huwa jingine: tangu asubuhi, mama amesimama mara ngapi?

Mara nyingi hakuna anayejua, kwa sababu mama hana haja ya kusimama. Chai analetewa, rimoti anapewa, hata viatu anavishwa. "Wewe kaa tu, mama, nitaleta." Ni upendo na ni heshima, nami sitaki mtu aone namlaumu mtoto anayemtunza mzazi wake. Ila misuli ya mapaja na makalio, inayotuinua kitini na kutushikilia tunapojikwaa, hudumu kwa kutumiwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu. Walipoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguu. Na hao hawakuwa wagonjwa. Mzee aliyelazwa wodini kwa nimonia, kisha akarudi nyumbani kuambiwa apumzike mwezi mzima, hali yake ni ngumu zaidi.

Wanaonisikitisha sana ni wale wanaoletwa mjini kutibiwa. Kijijini alikuwa anaamka, anafungulia kuku, anateremka shambani, anakwenda kanisani au msikitini kwa miguu. Anakuja kwa mwanawe katika mtaa wa Umoja au Pipeline, gorofa ya nne, jengo halina lifti. Kliniki ya sukari ni baada ya miezi mitatu, basi anabaki huko juu akitazama runinga. Sukari inashuka, kila mtu anafurahi, na miguu inakwisha polepole bila mtu kuona. Siku ya kurudi nyumbani anahitaji watu wawili wa kumteremsha. Ukiwa na mgeni wa namna hii, mtafutie kazi ya kusimama: achambue sukuma wiki mezani akiwa wima, aanue nguo, ashuke nawe hadi kwa mama mboga asubuhi. Usimwambie ni mazoezi. Mwambie unahitaji msaada wake, na kweli unauhitaji.

Katika mtaa wa Buruburu nakutana na jambo la karibu na hilo. Nyumba nyingi kule zina vyumba vya kulala juu, na waliozinunua wakiwa vijana sasa ni mababu na nyanya. Mzee akiyumba mara moja, watoto wanashusha kitanda sebuleni. Kuna wakati hilo ni lazima. Lakini kwa wengi ngazi ndiyo zoezi la mwisho walilobaki nalo, na kuwaondolea ni kuharakisha udhaifu. Mwiteni fundi kwanza, aweke vishikio imara pande zote mbili na taa inayowaka juu na chini. Anayemsindikiza mzee awe daima upande wa chini: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka.

Je, umechelewa? Hapana, na nasema hivi kwa uhakika. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya mazoezi ya uzito waliyowapa wakazi wa makao ya wazee, watu wa miaka 86 hadi 96. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja zilikuwa zimezidi maradufu.

Kipimo unaweza kukifanya leo. Weka kiti imara, pima mita 3 sakafuni. Mzee asimame, atembee mwendo wake wa kawaida hadi alama, ageuke, arudi, aketi. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha yuko katika hatari ya kuanguka. Zoezi lenyewe ni kiti kilekile kilichoegemezwa ukutani: kusimama na kukaa taratibu, bila kujivuta kwa mikono kama anaweza, mpaka mapaja yachoke. Kisha ashike sinki la jikoni, ainue visigino, halafu asimame kwa mguu mmoja. Mpango wa Otago wa New Zealand, unaochanganya nguvu na usawa wa mwili (kusimama bila kuyumba) namna hii, ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Kutembea pekee hakutoshi. Usawa lazima ufundishwe.

Dawa nazo zitazamwe. Akiona kizunguzungu anapoamka, apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, mwambieni daktari. Msizikatishe dawa wenyewe.

Na kuna jambo ambalo familia hazilifanyi kabisa: kumfundisha mzee kuinuka kutoka sakafuni kabla hajaanguka. Aliyewahi kulala chini saa nyingi akisubiri mtu arudi kutoka kazini huogopa kutembea tena, na woga huo humrudisha kitini. Fanyeni pamoja, mchana, kwenye godoro jembamba. Ajigeuze ubavu, apige magoti na mikono chini, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono yote miwili juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume, ageuke, aketi. Magoti mabovu yawekewe mto. Simu aivae shingoni, hata bafuni.

Akianguka kweli, msikimbilie kumnyanyua. Muulizeni kwanza panapouma. Nyonga ikiuma, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umepinduka kuelekea nje, mfunikeni blanketi na muite ambulensi, msimsimamishe. Na kama amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akisema hajambo.