Tiba ya mazungumzo ya NHS: GP si mlango pekee

Kwa miaka mingi Waswahili wengi wa England wameambiana kwamba bila barua ya GP (daktari wa familia) hupati tiba ya mazungumzo, yaani msaada wa mtaalamu kwa sonona au wasiwasi. Si kweli. NHS Talking Therapies, huduma ya NHS (mfumo wa afya wa umma) iliyoanza 2008 kwa jina la IAPT, humpokea mtu mzima anayejiandikisha mwenyewe, mtandaoni au kwa simu, bila malipo. Sharti ni uwe umesajiliwa kwa GP, na usajili huo hauhitaji viza.

Utajaza madodoso mawili: PHQ-9 ya sonona, alama 0 hadi 27, na GAD-7 ya wasiwasi, 0 hadi 21. Yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Tafadhali usijikaze, ukificha makali ya dalili zako, unaweza kupangiwa msaada mdogo kuliko unaouhitaji.

Wengi hupotelea kwenye simu ya tathmini, unayopigiwa baada ya kujiandikisha: mara nyingi huja kwa namba iliyofichwa, haipokelewi, na ombi hufungwa. Mkalimani wa Kiswahili mwombe siku ileile unapojiandikisha, hulipi kitu. Mtoto wako asibebeshwe kazi hiyo.

Mawazo ya kujiua hayangoji foleni: piga 111, chagua 2. Maisha yakiwa hatarini, 999.