Rimu huita tairi

Mwaka jana aliingia ofisini chalii mmoja anataka milioni tatu. Kwenye fomu, pale pa matumizi ya mkopo, ameandika "matengenezo ya gari". Nikachungulia dirishani: Subaru Forester ya buluu, imeoshwa inang'aa.

"Inaumwa nini, kaka?"

Akacheka, akafungua simu akanionyesha picha. Rimu za inchi 18, tairi zake, ekzosi mpya, springi fupi za kuishusha kidogo. Gari lilikuwa zima kabisa.

Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS hapa Arusha na ninaendesha Forester, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kumcheka. Chuga tuna ugonjwa wa magari, na tumeurithi kihalali. Mafundi wetu wanakata Land Cruiser, wanarefusha chesisi, wanaweka paa la kunyanyuka ili mtalii asimame kutazama simba Serengeti. Mtoto aliyekulia karibu na gereji anaamini gari likishuka bandarini ndiyo kwanza kazi inaanza. Tofauti ni kwamba Land Cruiser ile ikitoka kwa fundi inakwenda kutafuta dola. Rimu za 18 zinakwenda Njiro Jumapili.

Tulianza na ile fomu. Shokapu inayovuja, breki zilizoisha, bushi zilizokatika, tairi kipara: hayo ndiyo matengenezo, na hayasubiri deni liishe. Kipimo changu ni swali moja. Fundi akimaliza, gari litakuwa limerudi lilivyokuwa, au litakuwa limegeuka kitu kingine? Likigeuka kitu kingine, hiyo ni starehe. Sina ugomvi na starehe. Nina ugomvi na starehe iliyojificha kwenye safu ya matengenezo, maana huko haina kikomo.

Halafu bei ya rimu haiishii kwenye rimu. Ukitoka inchi 16 kwenda 18, tairi lazima liwe na ukuta mfupi ili mzunguko mzima ubaki karibu na ule wa awali, la sivyo spidomita itakudanganya. Ukuta mfupi ukikutana na shimo, na barabara zetu za mitaani unazijua, rimu inapinda au tairi linaota uvimbe ubavuni. Umeishusha gari? Kila tuta la njia ya Moshi litasalimiana na ekzosi yako mpya. Wengine wananyanyua badala ya kushusha. Hapo draivshafti, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, zinakaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa, mpira wa jointi unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda ukikata kona unasikia ka-ka-ka. Kama una bima kubwa na kampuni haijui ulichobadilisha, umejitafutia mabishano siku ya ajali. Na siku ya kuuza, dalali atazunguka gari mara mbili kisha akuulize: "Rimu zake za mwanzo zipo?"

Kwa hiyo mtu anayekuja na bei ya rimu, mimi namtuma arudi na bei ya msafara wote.

Sasa madeni. Chalii alikuwa nayo manne: la Bodi ya Mikopo iliyomsomesha chuo, mkopo wa taasisi moja ya mtaani, na mikopo miwili ya simu. Lililokuwa linamnyima usingizi ni la Bodi, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Nilimwambia hilo aliache lijiendee. Anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, atake asitake, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Deni kubwa siyo lazima liwe deni ghali.

Ghali lilikuwa lile la mtaani, la riba ya fleti. Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, na ningependa uchukue kalamu. Chukua milioni 3, miezi 12, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa fleti, riba inapigwa kwenye milioni 3 zote mpaka mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza laki mbili na nusu. Ni 105,000 kila mwezi, rejesho 355,000, riba ya mwaka 1,260,000. Kwa riba inayopungua, asilimia ni ile ile lakini inapigwa kwenye salio lililobaki tu. Rejesho linakuwa kama 310,500 na riba yote haizidi 726,000. Mabango mawili yameandika asilimia 3.5, na kati yao kuna zaidi ya laki tano.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaulizi. Mkopo wa riba inayopungua, kila shilingi ya ziada unayoingiza inapunguza riba ya mwezi unaofuata. Wa fleti, unaweza kwenda na pesa yote mkononi ukaambiwa ulipe riba ya miezi yote iliyobaki. Soma mkataba, au omba barua ya salio la kufunga mkopo, kabla hujauza hata redio ya gari ili ulipe mapema.

Mikopo ya simu ilitangulia kaburini, maana ada yake inahesabiwa kwa siku na wiki. Mmoja ulikuwa wa programu isiyo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za aina hiyo, na nilimshauri aisome kabla hajabonyeza "kubali" tena.

Sikumwambia aachane na gari. Niliwahi kuwaambia watu hivyo nilipoanza kazi hii. Walikaa miezi mitatu kama watawa, wa nne wakarudi na redio ya skrini waliyokopa dukani. Siku hizi nafanya hivi: deni moja likifa, rejesho lake linagawanywa. Kwake lilikuwa 120,000. Tisini ziliongezwa kwenye deni linalofuata, thelathini zikaenda kwenye mfuko wa gari. Kwa nini thelathini? Hakuna elimu hapo. Ni kiasi kinachouma kidogo huku na kufurahisha kidogo kule.

Ukali wangu kuhusu mikopo ya urembo una chanzo chake. Zamani, nikiwa bado nafundisha, nilichukua mkopo kwenye chama chetu nikanunua springi na rimu. Mdhamini wangu alikuwa mama mmoja wa Moshono, ofisi moja na mimi, ananiita mwanangu. Mama yake mzazi akaugua. Akaenda kuomba mkopo wa dharura, akaambiwa akiba yake imeshikiliwa na deni langu. Hakunigombeza. Alikuja asubuhi yake, akasimama pembeni ya gari, akaniuliza kwa upole nimebakiza miezi mingapi. Rimu zile niliziuza wiki ile ile, kwa hasara.

Chalii alirudi na fomu mpya ya kiasi kidogo, na safari hii matumizi aliyaandika kwa jina lake: kufunga mkopo wa taasisi. Barua ya salio ilionyesha wanakubali kusamehe sehemu ya riba, ndiyo maana tulimpa.

Jumamosi iliyopita kapita ofisini. Kanunua rimu, seti ya mtumba ya inchi 17, kwa pesa taslimu kutoka kwenye mfuko. Nikatoka nje kuziangalia. Gari limesimama na rimu zake zile zile za 16.

"Ziko stoo, kaka. Tairi zake mpaka Juni."