Binti wa hifdhi na siku zake

Waislamu wa huku kwetu Congo tulio wengi ni Washafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Njia hiyo ilitoka pwani, ikapitia mji wa Kasongo, ikatufikia. Lakini hapa Lubumbashi tunaishi pia na wafanyabiashara wa Mali na Senegali, ambao ni Wamaliki, wafuasi wa Imamu Malik. Basi binti mmoja wa hifdhi, yaani anayehifadhi Kurani, akiingia hedhini anarudishwa nyumbani kutoka darasani, jirani yake aliye katika hali hiyo hiyo anaendelea na juzuu yake, na akina mama wa Katuba wananiuliza nani anakosea.

Kwanza tutenge kushika msahafu na kusoma kwa ulimi. Kwenye kushika, madhehebu yote manne ya Kisuni yanataka twahara, usafi wa ibada, ingawa Wamaliki wanamlegezea mwalimu na mwanafunzi. Mzozo mkubwa uko kwenye kusoma. Wanaokataza, Washafi wakiwemo, hutaja hadithi ya Ibn Umar iliyo katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi: mwenye hedhi na mwenye janaba (anayepaswa kuoga baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii) wasisome chochote katika Kurani. Tazama isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi: Ismail bin Ayyash, mtu wa Homs, anapokea kwa Musa bin Uqba wa Madina, mji wa Hijazi. Wanahadithi humkubali Ismail akipokea kwa watu wa kwao Shamu, upande wa Siria. Kwa watu wa Hijazi alikuwa akichanganya. Mwanazuoni Nawawi mwenyewe, nguzo ya Washafi, ameiita dhaifu.

Inabaki kiyasi, yaani kulinganisha jambo na jambo, kwamba hedhi ni kama janaba. Hapo mimi naegemea kwa Wamaliki, wanaomruhusu mwenye hedhi kusoma. Mwenye janaba anaoga sasa hivi, yamekwisha. Mwenye hedhi hana hiari, na kwa hesabu ya Washafi wenyewe damu yaweza kufika siku 15. Aliyehifadhi sura ndefu juzi atabaki na nini? Ila wanaowafuata Wamaliki husahau sharti lao: damu ikikatika, ruhusa inafungwa mpaka aoge, isipokuwa akiogopa kusahau.

Hata hivyo, Ushafi hausemi binti afukuzwe darasani. Anaweza kusikiliza wenzake, kufuata aya kwa macho, kuipitisha moyoni bila kutikisa ulimi. Dhikiri na dua hazina ubishi. Kama darasa liko ndani ya msikiti, kinachozuia ni kukaa msikitini. Walimu, mutandike mkeka nje.

Na simu? Wanazuoni wengi wa leo hawaihesabu kuwa msahafu, kwa hiyo kuishika si shida. Lakini Mshafi anayesoma kwa sauti kwenye simu, akidhani amelikwepa katazo, bado anasoma kwa ulimi.